Baba wa Mbili, Papa wa Nne

Vijana wa karakana ya Breli mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Mmoja wenu alisema hivyo kwa adabu sana, lakini nilisikia. Basi naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi, na kile kimoja nilichopewa kilikuja na ufunguo wa kabati na hakuna kingine. Nitaandika juu ya mashine, karatasi, watu wawili walionifundisha kazi hii, na riwaya moja iliyonishinda nikiwa tayari najiita mtaalamu.

Nilifika shuleni siku ya mvua nikitoka kwetu Roret, nimebeba cheti cha kupiga chapa ndani ya mfuko wa sukari. Mnajua shule ilivyo, juu ya Kiptere, chai kushoto, chai kulia. Nilikuwa nimeambiwa kwamba wanafunzi wasioona wanahitaji mtu wa kuwapigia chapa vitabu. Nilidhani ni kazi ya taipureta. Katika chumba nilimkuta mtu mzima ameketi, uso umeelekea dirishani, mikono miwili juu ya karatasi tupu. Huyo alikuwa Mwalimu Wafula. Alikuwa haoni tangu utotoni.

"Koti lako linadondosha maji," aliniambia kabla sijasalimia. "Funga mlango. Nukta hazipendi unyevu."

Akanionyesha mashine. Nilihesabu vitufe: sita, na kimoja cha nafasi katikati. Nikamuuliza vingine viko wapi.

"Vingine vya nini? Hivyo sita vinatosha kuandika Biblia yote, na wewe hata Mwanzo hujaanza."

Karatasi ile haikuwa tupu. Ilikuwa imejaa vinundu vidogo, nami niliyekuwa na macho ndiye sikuona kitu. Kila herufi ya Breli ni nukta chache zilizopangwa katika nafasi sita, safu mbili za tatu tatu. Herufi b ina nukta mbili. Herufi p ina hizo mbili za b, ukiongeza mbili nyingine. Likumbukeni hilo, kwa sababu maisha yangu yote yamezunguka hapo.

Kazi ya kuhakiki tuliifanya wawili. Mimi nilisoma kwa sauti kitabu cha chapa ya kawaida, naye Wafula akafuata kwa vidole kile nilichokuwa nimenakili. Sauti yangu ikipishana na vidole vyake, tunasimama, tunarekebisha. Mpango mzuri, ila ulimi wangu ni wa Kipsigis. Nikisema "panda" mtu anasikia "banda". Nikisema "goti" analeta koti. Nilipokuwa shule ya msingi mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya darasa niseme "baba" mpaka kengele ikalia, na kengele ikalia nikiwa bado nasema "papa". Sasa nimeajiriwa kusoma kwa sauti mbele ya mtu ambaye hana macho ya kunisaidia kukisia.

Siku ya tatu Wafula aliweka mikono chini akacheka mpaka akapenga kamasi.

"Kijana, usione haya. Kwetu magharibi papa ndiye baba. Wewe unachanganya, mimi nachanganya. Tukiachwa sisi wawili, hii shule itafungwa."

Ndipo akabuni dawa. Kila tulipofika penye mashaka, niligonga meza kwa kifundo cha kidole: mara mbili kwa b, mara nne kwa p. Herufi d tatu, t nne. Herufi g nne, k mbili. Tukawa tunasema "baba wa mbili" na "papa wa nne". Wanafunzi waliopita nje walidhani tunafanya mazoezi ya ngoma. Lakini vitabu vilitoka safi, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa na ulimi usiochekwa, ijapokuwa ulikuwa wa mbao.

Wafula alikuwa na sheria moja aliyoishikilia kuliko zote: mkono wa mnakili hauna maoni. Siku moja nilikuta kosa katika kitabu cha jiografia, mto umepewa jina la mto mwingine, nikalisahihisha kimyakimya nikijisifu. Vidole vyake vikasimama. Aliniamuru nirudishe kosa.

"Lakini ni kosa, Mwalimu."

"Ni kosa la wote. Asiyeona ana haki ya kulikuta kosa lile lile analolikuta mwenzake. Liandike lilivyo, halafu ukampigie kelele mwenye kitabu."

Nilirudisha, lakini kwa kununa. Nilikuwa kijana na nilijua kila kitu.

Mambo mengine aliyonifundisha mnayajua, ila nayarudia kwa sababu jana nilipokuja kuchukua mwavuli wangu nilikuta kikombe cha chai juu ya kitabu cha biolojia. Kitabu cha Breli husimama, hakilali. Ukikilaza chini ya vingine nukta zake zinakufa pole pole na hakuna anayesikia kilio. Kabatini acheni balbu ikiwaka, maana mvua ya Kericho haina likizo. Na mkifika kwenye mchoro wa matumbo manne ya ng'ombe, tafuteni uzi, gundi na subira, na msiudharau mchoro huo. Kuna msichana wa Kiptere aliyefuga ng'ombe tangu akiwa mtoto, akaugusa akaniambia, "Mzee, hii ng'ombe umeitengeneza ikiwa imekula polythene."

Wafula alipostaafu alirudi kwao magharibi. Hakuna aliyeletwa mahali pake. Nikawa nanakili peke yangu, nahakiki peke yangu, nasoma kwa macho nukta nilizozipiga mwenyewe. Wazee walisema mganga hajigangi, nami nililijua neno hilo, ila nililidhani linawahusu waganga.

Hapo ndipo ilipokuja riwaya ile. Jina lake sitalitaja. Wanafunzi waliiita Kitabu cha Papa, na walimu wa Kiswahili waliiita kwa majina mengine walipokuwa peke yao. Ilikuwa imewekwa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Msimulizi wake ni mtu mzima aliyejifungia katika chumba, akili imemruka, anaandika ukutani kwa mkaa. Anadai kwamba ndani ya nyumba yao, ambayo haina bahari wala ziwa karibu, anaishi papa. Papa huyo anavaa koti, anatundika kofia msumarini, anakohoa koridoni, na watoto wakimsikia wanaingia chini ya kitanda. Kuna sura isiyo na nukta hata moja ya kupumzikia. Kuna ukurasa wenye neno "nyamaza" tu, limerudiwa mpaka chini.

Mimi nilipiga vitufe nikinung'unika kwamba aliyehitaji mkaa ni mwandishi, ajipake masizi atubu. Na nilipofika kwenye neno "papa" mara ya kwanza, nilicheka. Nikasema, kumbe mpiga chapa wa kitabu hiki ni Mkipsigis mwenzangu! Maskini, naye amesimamishwa mbele ya darasa. Nilimwonea huruma kwa dhati. Nikamsahihishia: baba wa mbili. Nikasahihisha la pili, la tatu, la mia. Nilipokuta kwamba huyo baba ana mapezi, nikasema mwendawazimu akitaka kumpa babake mapezi, nani atamzuia? Neno papa la samaki nilikuwa nalijua, lakini samaki wetu huku ni omena na mbuta wa ziwani, na yule wa baharini hakunijia akilini. Kitabu chembamba kama kidole kikawa juzuu tano za Breli. Nikazisimamisha kabatini nikapangusa mikono. Sheria ya Wafula haikunijia akilini hata kidogo.

Mwaka huo mtahiniwa asiyeona alikuwa mmoja tu, Cherotich. Mama yake ana shamba dogo la chai chini ya shule, na asubuhi nyingi ungemwona Cherotich akishuka na mama mpaka kituo cha kuuzia majani kisha akipanda peke yake kwa fimbo, haraka kuliko wenye macho. Vidole vyake vilikuwa hivyo hivyo. Alisoma Breli kama mtu anayepangusa meza. Alitaka kuwa mwalimu wa Kiswahili na hakumficha mtu.

Mwalimu wao alikuwa Madam Kemunto, kutoka Kisii, mwanamke makini. Desturi yake ilikuwa darasa limalize kitabu lenyewe kwanza, wakisomeana kwa zamu, ndipo aanze kukichambua. Wakasomeana. Na kwa kuwa darasa zima lilikuwa na ulimi kama wangu, papa na baba vilipita masikioni mwa Cherotich vikiwa kitu kimoja. Likaja swali la insha ubaoni: eleza dhima ya papa. Jirani yake akamsomea. Cherotich akasikia baba, akapiga kwa taipureta kurasa nne juu ya baba. Ziliporudishwa zilikuwa na alama chache, za kuombea maji, na Madam akamwambia mbele ya wote, "Cherotich, papa yuko wapi? Nenda usome kitabu." Kisha akaanza kueleza darasa habari za samaki mwenye meno.

Alikuja karakana mchana huo. Alisimama mlangoni akishika fremu.

"Mzee, nikuulize kitu na usiambie mtu?"

"Uliza, mama."

"Watu wote kwa darasa wanasema kuna samaki. Hata wale hawasomangi wamemuona. Mimi nimerudia kitabu ya kwanza mara tatu. Samaki hakuna." Akawa anasugua ncha za vidole. "Macho yangu yalianza hivi hivi. Kitu kiko na mimi sikioni. Nafikiria saa hii ni vidole. Ama ni kichwa, Mzee. Huyo mtu wa kitabu anaona kitu wengine hawaoni. Mimi sioni chenye wengine wanaona. Si ni ugonjwa moja?"

"Usiseme hivyo."

"Sasa nitafundisha watu nini?"

Nilikuwa nimeshafungua kitabu cha chapa mbele yangu, ukurasa wa kwanza. Papa. Nikafungua wa pili. Papa.  Na mimi, mzee mzima niliyefunzwa na Wafula, nilimwambia, "Niachie, nitaangalia." Akaenda zake, fimbo ikigonga taratibu, si kama kawaida yake.

Nilikunywa vikombe viwili vya chai, nikafikiri. Mnataka ukweli, basi nawapa. Nilifikiri kusema ni unyevu. Kwamba mvua imelainisha karatasi, nukta mbili zimezama, p zikageuka b. Nani angebisha? Kericho mvua hulaumiwa kwa kila kitu, hata mimba. Hakuna mtu mwingine pale shuleni aliyekisoma kitabu kile kwa Breli isipokuwa yeye mwenyewe, na yeye alikuwa tayari kuvilaumu vidole vyake. Hilo ndilo lililonichoma. Ningenyamaza, msichana yule angeondoka akiamini kwamba amepofuka mara ya pili.

Asubuhi yake, kabla ya gwaride, niliwaita yeye na Madam Kemunto kando ya bustani ya maua.

"Cherotich, vidole vyako ni vizima. Mimi ndiye nilikosea. Penye papa niliandika baba."

"Mahali gani?" Madam akauliza.

"Kitabu chote, Madam."

"Chote, Mzee?"

"Chote."

Madam aliomba ile insha, akaisoma upya amesimama, wanafunzi wakitupita. Alipomaliza alikunja karatasi polepole. "Cherotich, nisamehe. Nilikuambia hujasoma, na umesoma kuliko mimi."

 Cherotich alinigeukia mimi. "Kwa hivyo mimi siko mgonjwa?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyetua gunia. Halafu akakasirika, na alikuwa na haki. "Mzee, wewe ulikula samaki yangu. Nataka samaki yangu."

Zilikuwa zimebaki wiki chache mtihani ufike. Kupiga upya juzuu tano kusingewezekana. Lakini nimewaambia kwamba p ni b iliyoongezwa nukta mbili. Nukta ya Breli kuifuta ni shida, hubaki kovu, lakini kuiongeza inawezekana. Kama kosa langu lingekuwa kinyume chake, tungelia. Nikakata kipande cha kandambili kiwe mto chini ya karatasi, nikatoa kalamu ya kudungia ya Wafula, ile ya mpini wa mti aliyoniachia, tukaanza.

Kila alasiri baada ya masomo, mvua ikipiga mabati, Cherotich alisoma kwa vidole, mimi nikafuata kwa macho kwenye chapa. Akifika kwenye baba, nagonga meza mara nne. Anaweka alama ya nta, nageuza karatasi, natoboa kutoka nyuma, ambako kulia ni kushoto, nukta mbili kwa kila b. Kisha anarudia mstari. Nilipata tena mhakiki baada ya miaka mingi, naye alikuwa mkali kuliko Wafula. "Hii umetoboa kama mtu anaogopa," aliniambia. "Tia nguvu."

Na hapo ndipo nami nilipokisoma kitabu kile. Awali nilikuwa nimekinakili tu. Sasa papa aliingia nyumbani kweli, na koti lake, na kikohozi chake, na msichana wa miaka kumi na tisa mbele yangu aliinua vidole kutoka kwenye karatasi akasema, "Ngoja kidogo, Mzee, amefika mlangoni." Ukurasa wa "nyamaza" aliusoma wote bila kuruka hata moja. Nilitamani kumwambia aruke. Alisema mtu aliyeandika hivyo alikuwa anajificha na hawezi kuruka. Nilikoma kunung'unika juu ya mwandishi tangu siku hiyo.

Tulifika sura ya mwisho Ijumaa moja. Msimulizi yuko bado chumbani, mkaa umekwisha, anaandika kwa kucha. Vidole vya Cherotich vilienda, vikaenda, vikasimama.

"Hapa umesahau kutoboa, Mzee."

Niliangalia chapa. Nikavua miwani, nikaivaa tena.

"Sijasahau."

"Ziko mbili tu. Ni laini."

Nikagonga meza. Mara mbili.

 Cherotich akarudisha kidole, akapita juu ya neno lile, baba wa mbili, mara ya kwanza na ya pekee katika kitabu kizima. Yule mtu alikuwa amejaza kuta zote na samaki ili asiandike neno hilo, na mwishoni akaliandika. Mimi nilikuwa nimeliandika tangu ukurasa wa kwanza, kila mahali, kwa mikono yangu mizuri ya kusahihisha, mpaka lilipofika lenyewe halikuwa na maana. Cherotich alilia, nami nililia, mvua ilikuwa kubwa na hakuna aliyetusikia.

"Kongoi, Mzee," alisema baadaye. Yaani asante. Kunishukuru mimi!

Alifanya mtihani, akapita, akaenda kusomea ualimu, na sasa anafundisha Kiswahili upande wa Bomet. Nanyi mnajua kwamba mlipoletewa mashine ya kompyuta mlichapa nakala mpya ya riwaya ile, safi, isiyo na kasoro. Na mnajua pia kwamba wanafunzi hawaitaki. Nukta za kalamu ya mkono ni kali kuliko za mashine, hukwaruza kidogo. Mmoja wa kidato cha tatu alinieleza bila kujua hadithi yote: "Kwa ile mpya, papa hana meno."

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani, nawashukuru, ingawa sijui mtu aliyestaafu anapewa saa ya nini. Cherotich alikuja kutoka Bomet na juzuu ya tano chini ya kwapa. Aliombwa aseme machache, akasema angependelea kusoma. Akasoma ukurasa wa mwisho mbele ya ukumbi mzima, wazazi, bodi, kwaya na wapishi. Alipofikia neno lile, ulimi wake ulifanya kama ulimi wa kwetu unavyofanya siku zote, na ukumbini hakuna aliyeweza kujua amesema lipi kati ya hayo mawili.

Akageuza uso kule nilikoketi, akagonga meza mara mbili.